Sifuna zonke: wanakisti waliobaki kwenye majalada ya polisi

Kila Mei Mosi mambo huwa yale yale. Uwanja unafurika, vyama vya wafanyakazi vinapita mbele ya jukwaa kuu na fulana mpya na mabango, tarumbeta zinalia, risala inasomwa, na watu wanatega sikio kusikia kama mgeni rasmi atagusia nyongeza ya mshahara. Mgeni rasmi mara nyingi ni rais mwenyewe. Wachache sana pale uwanjani wanajua kwamba siku hiyo tumeirithi kwa watu ambao, wangepewa wao kupanga shughuli, kitu cha kwanza wangekiondoa ni kiti cha mgeni rasmi.

Watu hao ni wanakisti (kwa Kiingereza anarchists) wa Chicago. Tarehe 1 Mei 1886 wafanyakazi wa miji mingi ya Marekani waligoma wakidai siku ya kazi isizidi saa nane. Siku mbili baadaye polisi wa Chicago wakawapiga risasi wagomaji nje ya kiwanda cha McCormick. Usiku wa tarehe 4, kwenye mkutano wa kulaani mauaji hayo katika uwanja wa Haymarket, mtu akarusha bomu katikati ya polisi. Aliyerusha hajulikani hadi leo. Mahakama haikujisumbua na hilo. Wanakisti wanane walitiwa hatiani, zaidi kwa waliyoyasema na kuyaandika kuliko kwa waliyoyatenda. Mmoja alijiua seli, wanne wakanyongwa tarehe 11 Novemba 1887, na watatu waliobaki gerezani waliachiwa mwaka 1893 na gavana wa Illinois, John Altgeld, aliyesema waziwazi kwamba kesi ile haikuwa ya haki.

Mmoja wa walionyongwa, Albert Parsons, aliacha mjane, na mjane huyo anastahili kujulikana kuliko mumewe. Lucy Parsons alizaliwa utumwani Virginia karibu mwaka 1851, ingawa maisha yake yote alikana kuwa na damu ya Kiafrika. Alijitambulisha kuwa wa asili ya Mexico na ya wenyeji wa Amerika. Alifanya kazi ya kushona, akaandika, akauza magazeti barabarani, akahutubia wasio na kazi kwa zaidi ya miaka 50, na kila mara polisi wa Chicago walikuwa wakimfungia ukumbi kabla hajafungua kinywa. Machi 1942, akiwa mtu mzima wa miaka tisini hivi na macho yamekwisha, nyumba yake ilishika moto naye akafia humo. Vitabu na karatasi zake vilivyonusurika vilichukuliwa na polisi, na sehemu kubwa haikuonekana tena.

Ukiifuatilia historia ya uanakisti nje ya zile sura tatu nne zinazorudiwa kila mahali, utakutana na jambo hili mpaka ulizoee: mhifadhi wa nyaraka ni polisi. Watu hawa hawakuwa na chama tawala cha kuwajengea sanamu, wala wizara ya kuwaandikia kitabu cha kiada. Walikuwa na mpelelezi. Mara nyingine mpelelezi alichoma karatasi zao, na mara nyingine, bila kukusudia, akawa ndiye katibu wao.

Kwanza, neno lenyewe

Kwenye vyombo vya habari vyetu neno uanakisti hutafsiriwa kuwa vurugu, machafuko, kila mtu na lwake. Asili yake ni Kigiriki na maana yake ni "bila mtawala". Mfaransa Pierre-Joseph Proudhon ndiye wa kwanza kujiita hivyo kwa kujivunia, mwaka 1840. Tofauti kati ya "bila mtawala" na "bila utaratibu" ndiyo kiini cha ugomvi wote. Mwanakisti anaamini utaratibu upo na unawezekana, ila anakataa kwamba lazima utoke juu, kwa mfalme, kwa serikali, kwa tajiri wa kiwanda au kwa askofu.

Mfano ulio karibu nasi ni msiba mtaani. Mtu akifariki usiku, kufikia asubuhi turubai limefungwa, masufuria yameletwa, kuna anayeandika michango kwenye daftari, kuna waliokwenda kuchimba kaburi, na hakuna mkuu wa wilaya aliyetoa agizo. Wanakisti wangesema: basi fanyeni hivyo hivyo na viwanda, mashamba, shule na bandari. Aliyewahi kukaa kwenye kamati ya msiba anajua pia ya pili yake, kwamba kuna mzee mmoja ambaye hakuchaguliwa na mtu lakini neno lake halipingwi, na kuna mama walio jikoni tangu alfajiri ambao hakuna aliyewauliza kama wamechoka. Wanakisti wenyewe, hasa wanawake wao, waliligombea hilo sana.

Hapa nigusie kosa moja linalopendwa. Utasikia kwamba Wamaasai au Wakikuyu wa zamani, kwa kuwa hawakuwa na wafalme, walikuwa "wanakisti wa asili". Sikubaliani. Kuishi bila mfalme ni jambo moja. Kuwa na kundi la watu waliokaa wakafikiri, wakaandika na kupanga namna ya kuondoa ubepari na serikali ni jambo jingine. Uanakisti ni mtoto wa kiwanda, reli na gazeti la senti moja. Baraza la wazee lina ubora wake na lina mabwana zake.

Ugomvi wao na Wamarxi nao usituchukulie muda mrefu. Wote walitaka mali iwe ya wanaoizalisha. Marx alitaka wafanyakazi waitwae dola kwanza. Mrusi Mikhail Bakunin alisema dola ikishikwa na wafanyakazi itageuka kuwa bwana mpya. Mwaka 1872, kwenye mkutano wa The Hague, Bakunin akafukuzwa na umoja wa kimataifa wa wafanyakazi ukapasuka.

Na mabomu? Yalikuwepo, sitayaficha chini ya jamvi. Kati ya 1894 na 1901 wanakisti waliwaua rais wa Ufaransa, waziri mkuu wa Hispania, malkia wa Austria, mfalme wa Italia na rais wa Marekani. Wengi wa wauaji walitenda peke yao, na wanakisti wengi walilaani, lakini picha ya mtu mwenye ndevu na bomu chini ya koti ilishaganda. Iliwafaa sana wenye magazeti, kwa sababu iliwafunika watu wa kundi la pili waliokuwa wengi mno kuwazidi hao: waliokuwa wakiandikisha wanachama wa vyama vya wafanyakazi.

Kundi hili la pili huitwa wasindikalisti. Kwao chama cha wafanyakazi kilikuwa silaha ya leo na mbegu ya jamii ya kesho: kiandae watu wote wa tasnia moja bila kujali rangi wala fundi na kibarua, kisha siku moja mgomo mkuu usimamishe nchi. Mwaka 1905, Chicago, kikaanzishwa chama kilichochanganya fikra hizo na za wajamaa wengine, kwa jina la kifupi IWW (Industrial Workers of the World, wafanyakazi wa viwandani wa dunia). Lucy Parsons alikuwa ukumbini siku hiyo. Mabaharia, wachimba madini na vibarua wahamaji wakakibeba kwenye mizigo yao hadi Australia, Chile na Afrika Kusini.

Mishumaa ya Patagonia

Mmoja wa waliobebwa na mkondo huo alikuwa Mjerumani mpole, Kurt Wilckens, mchimba madini huko Arizona. Julai 1917 wenye migodi ya Bisbee waliwakamata wagomaji zaidi ya elfu moja kwa mtutu wa bunduki, wakawajaza kwenye mabehewa ya ng'ombe na kuwatupa jangwani New Mexico. Wilckens alikuwa mmoja wao. Baadaye Marekani ikamfukuza nchini, naye akaishia Argentina. Alikuwa mfuasi wa mafundisho ya mwandishi Mrusi Tolstoy ya kutomwaga damu. Tutarudi kwake.

Kusini kabisa mwa Argentina, katika eneo la Patagonia, mkoa wa Santa Cruz ni nchi ya upepo na kondoo. Wakati wa vita vya kwanza vya dunia bei ya sufu ilipanda sana. Vita vilipokwisha ikaanguka, na mzigo ukatupiwa wachungaji na wakata manyoya. Wengi wao walikuwa Wachile kutoka kisiwa cha Chiloé, pamoja na Wahispania, Wajerumani na Warusi. Mashamba yalikuwa ya familia chache na makampuni, mengi ya Waingereza.

Mwishoni mwa 1920 chama cha wafanyakazi cha mji wa Río Gallegos kikatoa madai. Kiongozi wake alikuwa Antonio Soto, kijana kutoka Galicia, Hispania, aliyefika mjini na kikundi cha maigizo akiwa mtu wa kupanga jukwaa, kikundi kikaondoka yeye akabaki. Madai yenyewe nayaona ni kati ya nyaraka zenye kuumiza moyo katika historia ya kazi, kwa udogo wake. Chumba cha mita nne kwa nne kisilale zaidi ya watu watatu. Kila mfanyakazi apewe pakiti moja ya mishumaa kwa mwezi. Upepo mkali na mvua vikizidi, kazi za nje zisimame. Na sanduku la huduma ya kwanza liwe na maelekezo kwa Kihispania, kwa sababu yaliyokuwepo yaliandikwa kwa Kiingereza, na mtu aliyekatwa na mkasi wa manyoya hakujua chupa ipi ni ya kunywa na ipi ni ya kupaka.

Serikali ilimtuma Luteni Kanali Héctor Varela na askari wa farasi. Safari ya kwanza alisuluhisha kwa amani, mkataba ukatiwa saini mwanzoni mwa 1921, kisha wenye mashamba wakaupuuza. Mgomo wa pili ukaanza. Varela akarudi, na safari hii hakuja kusuluhisha. Wagomaji waliokuwa wakijisalimisha wakiamini yaleyale ya mwanzo walipangwa mstari, baadhi wakichimbishwa makaburi yao wenyewe, wakapigwa risasi. Makadirio ya waliouawa ni kati ya mamia na watu 1,500. Hakukuwa na kesi hata moja.

Kwenye shamba la La Anita wagomaji walikaa kikao usiku kuamua kama wajisalimishe. Soto aliwasihi wasifanye hivyo. Akashindwa kwa kura. Kwa kuwa alikuwa mwanakisti hakuweza kuwaamuru, na kwa kuwa hakuwa mjinga hakubaki. Aliondoka kwa farasi na wachache kuelekea milima ya Chile, waliobaki wakawapokea askari asubuhi. Kila nikifika hapa naona swali zima la uanakisti limebanwa kwenye kikao kimoja cha usiku, na sijui ningepiga kura gani. Soto alizeeka Chile na kufariki mwaka 1963.

Kisha San Julián. Tarehe 17 Februari 1922, kazi ya kuua ikiwa imekwisha, maofisa waliamua kuwazawadia askari: wapelekwe kwa zamu kwenye danguro la mji, La Catalana, la bibi mmoja aitwaye Paulina Rovira. Askari wakapanga foleni barabarani. Mwenye nyumba akatoka na uso wa mtu aliyepatwa na jambo: wanawake wote watano wamekataa. Askari walipolazimisha kuingia, wanawake wakatoka na mifagio na fimbo wakiwaita wauaji, wakisema hawalali na wauaji. Mji mdogo ule, ambao wakubwa wake walikuwa wakimsifu Varela kwa karamu, haukuwa na mwanaume aliyelitamka neno hilo kwa sauti.

Polisi waliwakamata na kuwaandikisha, na ni kwa sababu hiyo tu tunawajua: Consuelo García, Ángela Fortunato, Amalia Rodríguez, María Juliache aliyekuwa Mhispania, na Maud Foster aliyekuwa Mwingereza kama wenye mashamba. Hawakuwa wanachama wa kitu chochote. Wakaachiwa, na baada ya hapo nyaraka zinanyamaza.

Wilckens sasa. Asubuhi ya tarehe 25 Januari 1923, Buenos Aires, alimsubiri Varela nje ya nyumba yake akiwa na bomu na bastola. Mtoto wa kike akapita wakati uleule. Wilckens alimkinga kwa mwili wake, vipande vya bomu vikamvunja mguu, kisha akammaliza Varela kwa risasi na hakuweza kukimbia. Miezi mitano baadaye aliuawa akiwa amelala gerezani na kijana wa familia ya kitajiri, Pérez Millán, aliyeingizwa kama mlinzi. Pérez Millán, badala ya jela ya kawaida, alipelekwa hospitali ya wagonjwa wa akili. Mwaka 1925 naye akapigwa risasi humo humo na mgonjwa aliyepewa bastola kwa mpango wa mwanakisti mwingine aliyefungwa. Aliyetoka nyumbani kwake akiwa mpinga damu aliacha nyuma yake mnyororo wa damu. Waandishi wanaomsifu huwa hawakai sana kwenye hilo.

Msichana asiyeandikishwa

Kule Asia ya Mashariki mambo yalifungamana na ukoloni, na Kiswahili kinayaelewa kwa haraka zaidi. Japani ilikuwa imeitwaa Korea mwaka 1910. Polisi wa Kijapani walikuwa na jina la Mkorea asiyetii, kitu kama "Mkorea mkorofi". Kikundi kimoja cha vijana mjini Tokyo kikalichukua tusi hilo na kujiita Futeisha, yaani jumuiya ya wakorofi. Waasisi wake walikuwa Mkorea Pak Yol na mwenziwe wa maisha, Kaneko Fumiko.

Kaneko alizaliwa Yokohama mwaka 1903 na wazazi hawakumwandikisha. Kisheria hakuwepo. Shule ikamkubali kwa kumhurumia tu, na jina lake likirukwa yanapotolewa majina na vyeti. Akiwa na umri wa miaka tisa alipelekwa Korea kwa bibi yake, walowezi wenye uwezo, akateswa kama kijakazi, na waliompa chakula na maneno mazuri wakawa wanawake wa Kikorea. Mwaka 1919 aliyaona kwa macho yake maandamano ya Wakorea ya kudai uhuru. Aliporudi Tokyo aliuza magazeti usiku, aliuza sabuni, alisoma, na akafikia mkataa kwamba dola iliyoshindwa kumwandika haina cha kumwamuru.

Tarehe 1 Septemba 1923 tetemeko kubwa liliiangusha Tokyo. Uvumi ukaenea kwamba Wakorea wanatia sumu visimani, na makundi ya raia pamoja na polisi yakaua Wakorea kwa maelfu. Katika vurugu hizo hizo polisi wa jeshi walimkamata mwanakisti maarufu Osugi Sakae, mwenziwe Ito Noe aliyekuwa mwandishi wa kutetea wanawake, na mpwa wao wa miaka sita, wakawanyonga wote watatu na kuwatupa kisimani. Kaneko na Pak walikamatwa siku chache baada ya tetemeko. Pak aliwahi kutafuta mabomu na hakuyapata. Kwa hilo wakashtakiwa kula njama dhidi ya familia ya mfalme. Walihukumiwa kifo Machi 1926. Siku kumi hivi baadaye mfalme akawapunguzia adhabu kuwa kifungo cha maisha, na Kaneko alipokabidhiwa hati ya msamaha aliichana mbele ya msimamizi wa gereza. Julai mwaka huo alikutwa amekufa seli. Alikuwa na miaka 23.

Tunamjua kwa undani huu kwa sababu jaji alimtaka aeleze maisha yake, akaandika, akaandika, mpaka ikawa kitabu kizima. Aliyekuwa hana hata cheti cha kuzaliwa ameacha maelfu ya maneno kwenye jalada la mahakama. Pak alitoka gerezani mwaka 1945.

Ng'ambo ya mpaka, Manchuria, kaskazini mashariki mwa China, Wakorea waliokimbia ukoloni walijaribu kitu kikubwa zaidi. Jenerali Kim Jwa-jin, ambaye ujanani aliwaachia huru watumwa wa familia yake na mwaka 1920 alikuwa mmoja wa makamanda waliowashinda Wajapani kwenye mapigano ya Qingshanli, alijikuta na wapiganaji wenye njaa na wakulima waliochoka kutozwa kodi na kila mwenye bunduki. Ndugu yake Kim Jong-jin, mwanakisti, akamshawishi wageuze utaratibu: vijiji viwe na mabaraza, mabaraza yatume wajumbe, jeshi liwe chini ya wakulima na si juu yao. Julai 1929 wakaunda muungano wa Wakorea wa Manchuria, wenye shule, ushirika wa mazao na mashine ya kukoboa mpunga ili mkulima asimwuzie mlanguzi mpunga wenye maganda kwa bei ya kutupwa.

Mitandaoni utasoma kwamba ilikuwa nchi huru ya watu milioni mbili. Ni chumvi. Ulikuwa mwanzo tu, katika eneo lisilo na mipaka inayojulikana, katikati ya wababe wa kivita wa China, Wajapani na wakomunisti. Tarehe 24 Januari 1930 Kim Jwa-jin aliuawa kwa risasi kwenye ile mashine ya kukoboa, alipokwenda kuitengeneza. Muuaji alikuwa kijana Mkorea wa upande wa wakomunisti. Mwaka uliofuata Kim Jong-jin naye akauawa, na Septemba 1931 Japani ikaivamia Manchuria yote.

Chumba cha nyuma ya duka, Johannesburg

Nimekiacha cha karibu nasi kiwe cha mwisho.

Chama cha IWW kilifika Johannesburg mwaka 1910, kikiongozwa na mhunzi wa Kiskoti, Andrew Dunbar. Kilikuwa chama cha Wazungu kwa sababu ya waliokuwemo, si kwa katiba yake, na kikafa baada ya miaka michache. Mwaka 1915, vita vikiwa vimepamba moto, wajamaa waliokataa kuiunga mkono serikali vitani walianzisha kundi jipya, na Julai 1917 baadhi yao, Dunbar akiwemo, wakaanza kukutana jioni na wafanyakazi Waafrika katika chumba kilichokuwa nyuma ya duka, mtaa wa Fox. Yalikuwa madarasa: mshahara ni nini, faida inatoka wapi, pasi ni ya nini. Hiyo pasi, yaani kibali ambacho Mwafrika alilazimishwa kutembea nacho, Wakenya wa miaka ileile walikuja kuijua kwa jina la kipande, wakaning'inizwa nayo shingoni.

Septemba mwaka huo wanafunzi wakageuka chama: Industrial Workers of Africa, wafanyakazi wa viwandani wa Afrika. Miongoni mwao alikuwa mwalimu T. W. Thibedi, na vijana wawili, Reuben Cetiwe na Hamilton Kraai. Kikaratasi chao cha kwanza kilichapwa kwa Kizulu na Kisotho, na kiliwaambia wasomaji waache hadithi za Msotho, Mzulu na Mshangaan; wote ni wafanyakazi, na kazi ndiyo iwafunge pamoja.

Kaulimbiu yao ilikuwa "Sifuna zonke!" Sikio la Kiswahili linateleza hapa, linasikia ile "si-" yetu ya kukana. Kwa Kizulu "si-" ni "tu-", "funa" ni kutaka, na "zonke" ni ndugu wa damu wa "zote". Tunataka zote. Hawakusema tunaomba nyongeza.

Durban, wakati uleule, mwalimu mwenye asili ya India, Bernard Sigamoney, alianzisha chama cha aina hiyo kwa wafanyakazi Wahindi, na kule Kimberley washonaji nguo wakawa na chao.

Kilichowatia majaribuni ni vinyesi. Johannesburg ilikuwa bado mji wa vyoo vya ndoo, na matopasi wake, Waafrika, walizihamisha ndoo hizo usiku. Mei 1918 mafundi Wazungu wa manispaa waligoma, taa zikazimika, wakaongezwa mshahara. Matopasi wakaona, wakagoma Juni. Watu 152 wakakamatwa na hakimu akawafunga miezi miwili na kazi ngumu kwa sheria ya bwana na mtumishi. Kazi ngumu yenyewe ikawa ni ileile ya kubeba ndoo, sasa bila malipo na chini ya ulinzi wenye silaha. Hasira ikapanda mji mzima. Ikatangazwa kwamba tarehe 1 Julai Waafrika wote watagoma wakidai shilingi moja zaidi kwa siku. Serikali ikaona joto, wafungwa wakaachiwa, mgomo ukaahirishwa, ingawa wachimba migodi kadhaa hawakupata habari au hawakujali na waligoma wakapigwa.

Halafu ikaja kesi ya uchochezi. Kizimbani walisimamishwa pamoja Cetiwe na Kraai, viongozi wa chama cha wazalendo wa Transvaal, jimbo la Johannesburg, na wajamaa Wazungu. Inasemekana ndiyo mara ya kwanza nchini humo watu weusi na weupe kushtakiwa pamoja kwa siasa. Ikaporomoka pale shahidi mkuu wa serikali, mpelelezi, alipoyakana maelezo aliyokuwa ameyatoa.

Mwaka 1919 Cetiwe na Kraai walikuwa mstari wa mbele katika mgomo wa pasi Johannesburg, ambapo watu walizitoa pasi zao zikakusanywa kwenye magunia. Kisha wakahamia Cape Town, na Desemba wakashirikiana na chama kipya cha wafanyakazi cha ICU cha Clements Kadalie, kijana kutoka Nyasaland (Malawi ya leo), kuwagomesha makuli wa bandari zaidi ya 2,000. Mwaka uliofuata vyama vikaungana. ICU ikaja kuwa kubwa kupindukia; katikati ya miaka ya 1920 katiba yake iliazima utangulizi karibu kama ulivyo kutoka IWW, na mwaka 1927 ilidai wanachama 100,000. Lakini ilikuwa na mganga, mchungaji, mzalendo na mkomunisti ndani yake, na Kadalie alipenda kiti cha mbele. Ilisambaratika kabla muongo haujaisha.

Walikwenda wapi wanakisti? Jibu ni lilelile kwa Johannesburg, Buenos Aires na Tokyo. Mapinduzi ya Urusi yalishinda, na anayeshinda huvuta watu. Moscow ilikuwa na fedha, vyuo na tiketi za meli. Chama cha kikomunisti cha Afrika Kusini kilipoundwa mwaka 1921 Thibedi aliingia, Mwafrika wa kwanza kujiunga, na miaka ilivyokwenda kikamfukuza. Dunbar naye alifukuzwa mapema. Sigamoney akawa padri wa Kianglikana. Baadaye kila chama kiliandika historia kikiwaita hawa "watangulizi", neno la heshima la kumwambia mtu kwamba alikuwa njiani kuja kwako hata kama hakuwa anakuja.

Mikutano ya chumba kile cha nyuma ya duka tunaijua kwa undani wa ajabu: nani alifika, nani alichelewa, nani alisema nini. Chama hakikuacha kumbukumbu za vikao. Polisi ndio walioziacha, kwa mkono wa wapelelezi Waafrika waliokaa benchi moja na wenzao wakijifanya wanachama. Walikuwa wafanyakazi nao, wa mshahara mdogo wa askari mweusi. Wiki baada ya wiki walisikia wakielezwa faida inatoka wapi na pasi ni ya nini, wakarudi kituoni, wakakaa chini ya taa na kuyaandika yote kwa mwandiko safi ili bwana mkubwa aelewe.